Tutoapo Tawi, Twatoa Nini?



Kila mwaka, mvua zikianza, hatukosi mtu wa kutusimamisha nje ya kanisa baada ya Misa na kutuambia, "Mwalimu, ile asumini yako, nitapata tawi?" Nasi humjibu apite nyumbani jioni. Jambo lenyewe ni dogo, wala halina gharama. Kwa kisu kimoja na dakika tano, mtu huondoka na matawi manne yaliyoviringishwa katika jani la mgomba, na baada ya mwaka mmoja au miwili ana mmea unaonukia mlangoni kwake. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba katika matendo yote ya ujirani hakuna lililo safi kuliko hili, kwa kuwa mtoaji hapungukiwi na kitu, na mpokeaji habaki na deni.

Leo twataka kueleza jinsi imani hiyo ilivyotikisika, na kuuliza pamoja nanyi swali moja: mtu akitoa kwa moyo mwema kitu chenye ubaya ndani yake, naye hakuujua ubaya huo, je, ana kosa?

Kwanza tuseme kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa faida ya wale ambao hawajaijaribu. Chagua tawi la rika la kati, yaani si lile changa linalopindika kama uzi, wala si lile lililokomaa likawa kuni. Kwa asumini, waridi, krotoni na haibiskasi, kata urefu wa penseli mpya, ukipitisha kisu kikali na safi chini kidogo ya kifundo, maana penye kifundo ndipo mizizi hupenda kutokea. Ondoa maua na majani ya chini, uache mawili au matatu ya juu. Majani mengi hupoteza maji ambayo tawi lisilo na mizizi haliwezi kuyarudisha. Lichomeke katika mchanga na mboji, nusu kwa nusu, likizama kiasi cha theluthi hadi nusu ya urefu wake, na uangalie usilipindue: upande uliokuwa chini ubaki chini. Liweke kivulini na ulimwagilie bila kulizamisha. Ukipenda, lifunike kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, ili unyevu usipotee.

Kisha uwe na subira. Usiling'oe kila siku kutazama kama limeota. Kosa hilo tumeliona kwa watoto wa shule, na kwa watu wazima vilevile. Baada ya wiki nne hadi nane, ukiona majani mapya, livute kidogo kwa vidole viwili. Likishikilia, ujue lina mizizi. Nanaa haihitaji hata udongo, kwa maana kijiti chake kikiwekwa katika glasi ya maji hutoa mizizi kwa muda wa wiki moja au mbili.

Watu huuliza, yawezekanaje kitu kilichokatwa kikaishi? Jibu ni kwamba mmea haukuumbwa kama mnyama. Mkono wa mtu ukikatwa, hauoti mtu mwingine. Lakini katika shina la mmea, hasa karibu na vifundo, zimo chembe hai ambazo hazijafungwa katika kazi moja tu. Penye jeraha hutokea kwanza uvimbe mfano wa kovu, kisha chembe hizo huanza kujenga mizizi. Tawi hujitengenezea lile lililopungukiwa nalo.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya mbegu na tawi, nayo ndiyo msingi wa yote tutakayosema. Mbegu ni mtoto. Ina baba na mama, nayo huja na sura yake yenyewe, ndiyo maana kokwa ya embe tamu yaweza kukupa mwembe wa embe chachu. Tawi si mtoto. Tawi ni mmea uleule unaoendelea kuishi mahali pengine. Asumini iliyo mlangoni petu ilitoka kwa marehemu mama yetu, naye aliipata kwa mama yetu mkubwa kule Pangani kabla sisi hatujazaliwa. Wote wawili wamekwisha kututangulia, lakini mmea ni uleule na harufu ni ileile.

Sisi watu wa Tanga twaijua habari hii kwa namna iliyo kubwa zaidi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge katika nchi hii kutoka Florida, Marekani. Aliagiza vichipukizi 1,000, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Mkonge wa mashambani haupandwi kwa mbegu, bali kwa vichipukizi vinavyoota shinani au juu ya ule mti wake mrefu wa maua. Hao 62 ndio waliokuwa mwanzo wa mashamba yaliyoifanya Tanganyika, ilipofika miaka ya 1960, iongoze dunia nzima kwa katani. Walio wengi wetu tulivalishwa, tulilishwa na tulisomeshwa, kwa njia moja au nyingine, na vichipukizi vile.

Kwa hiyo twaweza kusema kwamba tawi ni aminifu. Hurudisha utamu uleule, rangi ileile na harufu ileile, bila kuongeza wala kupunguza. Lakini uaminifu huo hauchagui. Tawi likiwa na ugonjwa ndani yake, huuchukua na ugonjwa huo hadi kwa jirani, kwa uaminifu uleule. Na hapo ndipo sisi tulipoteleza.

Nyuma ya jiko letu tulikuwa na mihogo mitamu, ile ya kutafuna mibichi na ya kuchemsha kwa chai. Katika vuli ya mwaka 2018 jirani yetu mmoja, fundi seremala, alikuwa amelima nusu eka, akaja kutuomba mbegu. Kama mjuavyo, mbegu ya mhogo tuitajayo si mbegu, ni pingili za shina, kwa hiyo mhogo na asumini ni mamoja katika jambo hili. Tulimkatia mizigo mitatu, pingili za shibiri moja na zaidi, kila moja ina macho matano au sita. Fundi alifurahi mno. Wiki mbili baadaye alituletea kigoda cha mninga, kimepigwa msasa kikang'aa. Tulimwambia kwamba pingili haziuzwi, naye akasema hata kigoda hakiuzwi.

Mwezi wa Septemba mwaka 2019 alianza kuchimba. Kwa nje mihogo ilikuwa mizuri, minene, haina kasoro. Alipoikata, ndani ilikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama gome la mti. Mingi haikufaa kuuzwa, na mingine haikufaa hata kwa mbuzi. Naye alikuwa ameitegemea mihogo ile imsaidie kumnunulia mjukuu wake vifaa vya kuingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Haya yote hakutuambia yeye. Tulisikia kwa watu, kisha tukaiona kwa macho yetu mihogo iliyotupwa kando ya uzio wake. Siku ya Sikukuu ya Mavuno, Fundi, ambaye miaka yote hubeba kikapu kilichojaa, alikuja na nazi mbili. Akatusalimu kama kawaida na kutuuliza hali. Neno la mihogo hakulitaja.

Tukamwita bwana shamba, au afisa ugani kama aitwavyo siku hizi. Alitazama yake, kisha akatazama na yetu, akasema ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Unaletwa na virusi, na ukishaingia katika shina hakuna dawa ya kuutoa. Inzi weupe wadogo huuchukua kutoka mmea hadi mmea, lakini hawaendi nao mbali. Anayeupeleka mbali ni binadamu, kwa kubeba pingili. Alituambia pia kwamba shina laweza kuwa na sura njema na kumbe mizizi yake inaoza.

Si ugonjwa mgeni. Mwaka 1894 Mjerumani Warburg aliandika, kwa mara ya kwanza duniani, juu ya ule ugonjwa mwingine wa mhogo uitwao batobato, alioukuta katika nchi hii. Na mwaka 1936 Mwingereza H. H. Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, alieleza habari za michirizi ya kahawia, iliyoonekana chini ya milima ya Usambara. Milima hiyo sisi hapa Muheza twaiona kila asubuhi. Tulikuwa tukiishi penye chanzo cha habari, wala hatukuwa na habari.

Baada ya bwana shamba kuondoka, lilianza baraza ndani ya moyo, na wasemaji walikuwa watatu.

Msemaji wa kwanza alisema: "Hamna kosa. Tendo hupimwa kwa nia. Mlitoa kwa wema, wala hamkujua." Maneno haya yana uzito, wala hatuyadharau. Mtu anayempa jirani yake sumu kwa kusudi hawezi kuwekwa kundi moja na mtu aliyempa chakula kilichoharibika bila kujua. Lakini hata hivyo mihogo ya Fundi haikuiuliza nia yetu kabla ya kuoza. Twaona kwamba hapa watu huchanganya mambo mawili, hatia na deni. Mtoto wetu akicheza mpira akavunja kioo cha jirani, sisi wazazi hatuna hatia, hatukupiga mpira ule. Hata hivyo hakuna mzazi mwenye adabu atakayesema, "Si mimi," akaingia ndani akafunga mlango. Atakwenda kulipa kioo. Basi mtu asiye na hatia aweza kuwa na deni, na nia njema hufuta hatia bila kulifuta deni.

Hayo tungeweza kuyasema na kulala usingizi, kama kwa kweli hatukujua. Lakini hapa hatuna budi kusema kweli yote. Mwaka ule wa 2018, kabla Fundi hajaja, tulikuwa tumeona majani ya chini ya mihogo yetu yakiwa na mabaka ya manjano. Jikoni tulikuwa tumekata mihogo yenye doa la kahawia, tukalichonga doa kwa kisu, tukatupa kipande, tukapika kilichobaki. Tulijiambia kwamba ni jua, au ni mchwa, au tumechelewa kuchimba. Sisi tuliofundisha kilimo darasani, tuliolima shamba la shule enzi za Elimu ya Kujitegemea na kuwaambia watoto wachague mbegu safi, hatukumwuliza mtu yeyote.

Je, tulijua? Hatukujua. Je, hatukujua? Hilo nalo hatuwezi kuliapia. Twaona kwamba kati ya kujua na kutojua kuna chumba cha tatu, nacho ni kutouliza. Mtu hukaa humo kwa raha, kwa maana hapati habari mbaya, na akishtakiwa husema hakujua. Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Sisi tungeongeza kwamba yuko na mtu anayejificha maradhi yake mwenyewe, na huyo kilio chake hulia katika nyumba ya mwingine. Kutojua kwa namna hiyo ni kosa, ingawa ni kosa la mtu mwenye tabasamu.

Msemaji wa pili alisema: "Na mpokeaji je? Yeye ana macho. Angezitazama pingili kabla ya kuzipanda." Neno hili hutumika sana sokoni, na huko lina haki yake. Anayenunua hugeuza bidhaa, hunusa, hubisha bei, na isipompendeza huondoka. Lakini anayepewa hawezi kufanya hivyo. Akiligeuza tawi na kulichungua, ataonekana hana shukrani. Zawadi humfunga mpokeaji mdomo. Kwa sababu hiyo kazi ya kuchungua, ambayo sokoni ni ya mnunuzi, katika zawadi humrudia mtoaji. Mwenye kuuza aweza kusema, "Angalia mwenyewe." Mwenye kutoa inampasa aangalie kwa niaba ya yule anayeona haya kuangalia.

Hili tulithibitishiwa na Fundi mwenyewe. Tulikwenda kwake jioni moja, tukaketi barazani, tukasema, "Fundi, mbegu ile tuliyokupa ilikuwa na ugonjwa. Tuliona dalili nasi tukanyamaza. Twaomba radhi." Akakaa kimya kitambo, akichezea penseli yake ya useremala. Kisha akasema, "Mwalimu, majani yale ya manjano hata mimi niliyaona siku ile. Niliona haya kukuuliza. Ningeanzaje kumwuliza mwalimu habari za ugonjwa wa mihogo?"

Basi kumbe tulikuwa wawili tuliosimama mbele ya mmea mgonjwa, kila mmoja ameona, kila mmoja amenyamaza, mmoja kwa kujistahi na mwingine kwa adabu. Na kati ya adabu yake na heshima yetu ikapita nusu eka ya mihogo.

Tulitaka kumlipa fedha, akakataa katakata. Mwishowe alikubali tumnunulie mjukuu tranka na madaftari, kwa hoja kwamba hayo ni ya mtoto wala si yake. Tulidhani jambo limekwisha. Ndipo aliposema, kwa sauti ya chini, kwamba katika mizigo ile mitatu, mmoja alimpelekea binti yake aliyeolewa Pangani.

Tulikwenda Pangani pamoja, kwa basi, mwezi wa Oktoba. Binti alitupokea kwa heshima zote, akatupikia wali wa nazi na samaki. Baba yake alipomweleza tulilojia, aliweka sahani chini akasema, "Jamani baba! Na mimi mwezi uliopita nimemkatia wifi yangu, akachukua kwenda nazo Handeni." Tukampigia simu wifi. Alikuwa amekwisha panda, na zilizobaki alikuwa amewagawia majirani wawili. Tulimweleza afanye nini: ang'oe, achome moto, na awaambie wenzake. Alisema atafanya hivyo. Kama majirani wale nao waling'oa, au walikuwa wamekwisha kuwagawia wengine, hatujui mpaka leo. Pingili tatu au nne za nyuma ya jiko letu huenda ziko mahali tusipopajua, mikononi mwa mtu asiyetujua, naye anampa mwenziwe kwa moyo mweupe kabisa.

Tuliporudi, msemaji wa tatu alikuwa akitungoja. Huyu alisema: "Basi acheni kutoa. Asiyetoa hadhuru mtu." Tunakiri kwamba tulimsikiliza. Muda wa mwaka mzima hatukumpa mtu tawi, hata la asumini, ambayo ilikuwa haina ugonjwa wowote. Mama mmoja wa parishi yetu alikuja kuomba matawi ya asumini, apande kwenye nyumba mpya ya mwanawe aliyekuwa akioa. Tulimwambia mmea umekauka. Alikuwa amesimama mita tatu tu kutoka penye huo mmea, umejaa maua. Akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda zake.

Usiku ule tulitambua kwamba tumefanya kosa la pili ili kulikwepa la kwanza. Tulikuwa tumemnyima mtu kilicho chema, tena kwa uongo. Na sababu yetu haikuwa kumlinda yeye. Tulikuwa tukijilinda sisi wenyewe, tusije tukaaibika tena.

Tena hoja ya msemaji huyu si kweli. Asiyetoa hudhuru pia, ila madhara yake hayaonekani. Turudi Amani. Katika miaka ya 1930, kituoni pale, ilianza kazi ya kuchanganya mhogo na jamaa zake wa mwituni, ukiwemo ule mti wa mpira ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi katika nchi hii, ili kupata mhogo wenye kustahimili magonjwa. Kazi ilichukua miaka mingi. Katika miaka ya 1950 mbegu za mihogo hiyo zilipelekwa Naijeria, na katika miaka ya 1970 watafiti wa kule Ibadan walizitumia kuzalisha aina nyingine zilizo bora. Kisha katika miaka ya 1990 batobato kali iliiangamiza mihogo nchini Uganda, watu wakapatwa na njaa, na miongoni mwa pingili walizogawiwa wakulima zilikuwamo zile zilizotokana na kazi ya Ibadan. Kilichotoka chini ya milima yetu kilikwenda Afrika ya Magharibi, kikarudi kwa majirani zetu wa ziwani walipokihitaji. Kama watu wa Amani wangefunga bustani yao kwa kuogopa lawama, wema huo ungebaki palepale ulipoota, nasi tusingejua hata kuuomboleza.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba ubaya haukutokana na kutoa. Ulitokana na kutoa bila kusema kweli. Tawi husafiri na yote yaliyomo ndani yake. Kitu pekee kisichosafiri chenyewe ni habari zake, na hizo lazima mtoaji azipeleke kwa kinywa chake. Mtu akitoa kitu na kuzizuia habari zake, ametoa nusu ya zawadi, na ile nusu aliyoizuia ndiyo ambayo ingemlinda mwenziwe.

Twakubali kwamba jambo hili haliishii bustanini. Wako watu wasemao mtoto wa nyoka ni nyoka, kana kwamba binadamu hupandwa kwa pingili. Sivyo. Mtoto ni mbegu, huja na sura yake mpya. Lakini desturi zetu hupandwa kwa pingili, huhama kutoka mkono hadi mkono bila kubadilika. Sisi tulichapwa viboko shuleni, na tulipokuwa walimu tulichapa, kwa mkono uleule na kwa maneno yaleyale. Tulidhani twatoa kilicho chema tulichopewa. Wanafunzi wetu wa zamani sasa ni wazazi na walimu, na wengine twawaona wakichapa kama tulivyowachapa. Hapo pia hatukuwahi kuuliza. Kwa hao hatuwezi kupanda basi na kuwafuata mmoja mmoja, ila tukikutana nao twawaambia.

Kwa wale wapendao mwongozo, kama ilivyo ada ya walimu, sasa twafanya hivi. Kwanza, anayeomba tawi humpeleka mwenyewe hadi kwenye mmea mama, auone wote, majani ya juu na ya chini, tena mchana. Kama ni mhogo, twang'oa shina moja mbele yake na kuikata mizizi yake, atazame ndani. Pili, twamwambia tunalolijua juu ya mmea huo na tusilolijua, hata kama hakuuliza, na hasa kama hakuuliza. Tatu, twaandika katika daftari jina lake, tarehe, na mmea aliochukua, kama tulivyokuwa tukiandika rejista ya darasa, ili ikitokea kasoro tujue pa kwenda. Nne, twamwomba naye afanye vivyo hivyo atakapompa mwingine. Wako waliocheka daftari hilo. Hatuoni vibaya.

Mihogo yetu ya zamani tuliing'oa yote tukaichoma, ingawa ilikuwa mitamu. Bwana shamba alitupatia pingili za aina ya Kiroba, ambayo huvumilia michirizi ya kahawia kuliko ile ya zamani, tukagawana nusu kwa nusu na Fundi. Yule mama wa asumini tulimfuata kwake, tukamwambia kwamba mmea haukuwa umekauka. Alijibu, "Niliuona, Mwalimu." Tukampa matawi sita, na mawili kati yake yameshika. Amechelewa, maana arusi ilikuwa imekwisha pita, lakini nyumba ipo.

Fundi naye alikuja masika yaliyofuata kutaka asumini. Safari hii hakuona haya. Alishika tawi moja moja, akaligeuza, akatazama chini ya kila jani kama atazamavyo ubao kabla ya kuununua, na mawili aliyakataa. Nasi tulikaa kwenye kigoda chake tukimngoja amalize, wala hatukuwahi kuifurahia zawadi tuliyotoa kama siku ile.

Mvua zikianza tena, anayetaka asumini na aje. Ila aje mchana, mwanga ukiwapo, na asiache kuuliza.